Jadi Haikushonwa kwa Woga

Hakuna methali inayotumiwa vibaya katika mwambao huu kuliko ile isemayo kwamba mwacha asili ni mtumwa. Kijana akitoka na kanzu aliyoitia darizi ya rangi ya machungwa, huambiwa hiyo. Binti akifunga kilemba cha kanga juu ya gauni alilolibuni mwenyewe, huambiwa hiyo. Bibi wa miaka sitini akivaa waridi ilhali wenzake wameshakubaliana kwamba umri huo ni wa rangi ya moshi, yeye haambiwi usoni. Husengenywa nayo ukumbini. Methali imegeuzwa rungu, na kila mwenye macho mawili amejipa uaskari.

Lakini methali, kama nguo, ina upande wa nje na upande wa ndani. Anayeitumia hii kuwatisha watu juu ya mavazi yao hana budi kwanza kujibu swali moja: mtumwa mwenyewe alivaaje? Katika visiwa hivi swali hilo si fumbo la washairi. Ni historia, na jibu lake linajulikana. Mtumwa alikuwa mtu aliyevalishwa. Hakuchagua kitambaa, hakuchagua rangi, hakuchagua kama kichwa chake kifunikwe au kiachwe wazi. Na waliotoka utumwani walitoka, pamoja na mambo mengine, kwa kuvua walichovalishwa na kuvaa walichokitaka. Kwa hiyo mavazi yanayoitwa leo ya asili yaliletwa duniani na watu waliothubutu, na waliothubutu wakaitwa wajeuri. Anayeyalinda mavazi hayo kwa kukataza kuthubutu ameshika ganda na kutupa kiini.

Katika Unguja ya karne ya 19 nguo ilikuwa cheti. Mtu alisomwa hadhi yake kabla hajafungua kinywa. Bwana alikuwa na kanzu, joho, kilemba na jambia kiunoni. Bibi wa nyumba kubwa za Kiomani alivaa barakoa. Lamu na Mombasa bibi wa kiungwana alitembea ndani ya shiraa, hema la nguo lililobebwa na watumwa, hata njia nzima ikajua kwamba anapita mwenye watu. Aliyebeba hema hilo alivaa merikani, pamba isiyopaushwa ambayo jina lake lilitokana na Marekani, kwa kuwa ililetwa na merikebu za wafanyabiashara wa Salem, hasa baada ya mkataba wa 1833 baina ya nchi hiyo na Sayyid Said. Au alivaa kaniki, yaani pamba ile ile iliyozamishwa katika nili mpaka ikawa nyeusi. Mtumwa wa kiume alikwenda kichwa wazi na miguu mitupu. Kofia na viatu vilikuwa haki ya waungwana.

Tarehe 6 Aprili 1897 ilitoka amri ya kuufuta utumwa mbele ya sheria. Amri hiyo haikumkomboa mtu akiwa amelala nyumbani. Ilimbidi mtumwa aende mwenyewe kudai uhuru wake, na masuria waliachwa nje yake hadi 1909. Aliyeupata uhuru alipewa karatasi. Karatasi ilikaa sandukuni, lakini nguo ilitembea barabarani. Ndiyo maana wanaume waliokuwa watumwa walikimbilia kofia na kanzu, na wanawake wakaiweka kando kaniki, wakaanza kuipiga merikani chapa na kuitia rangi kwa mikono yao, kisha wakazikimbilia leso. Haihitajiki ramli kukisia yaliyosemwa barazani siku kijakazi wa jana alipopita na maua mekundu mabegani. Hapana shaka yalisemwa maneno yale yale yanayosemwa leo: anajifanya nani, kasahau alikotoka, kaacha asili.

Alikuwa ameiacha kweli. Asili yake, kwa mujibu wa waliompangia, ilikuwa kaniki. Lau angeitii methali kama inavyofasiriwa na askari wa mavazi, angekufa nayo mwilini. Kwa hiyo pana watu ambao kuacha walichopangiwa ndiko kulikowatoa utumwani, na wajukuu wao ndio wengi wa wanaosoma kurasa hizi.

Leso yenyewe ilizaliwa kwa jeuri. Inasimuliwa kwamba wanawake wa mwambao walikuwa wakinunua vitambaa vya mkononi vilivyotiwa chapa, vile vilivyokuja na jina la Kireno, vikiuzwa vikiwa bado ni jora. Badala ya kukata kimoja kimoja kama alivyokusudia mfumaji, walikata vitatu vitatu, wakaviunga viwili kwa viwili, ikawa shuka moja pana yenye vipande sita. Hakuna kiwanda kilichowafundisha. Hakuna mfanyabiashara aliyewaambia kwamba hivi ndivyo inavyopasa. Walikitazama kitu kilichokusudiwa kufutia jasho, wakaona ndani yake vazi. Baadaye ndipo wafanyabiashara walipowafuata, wakaagiza vitambaa vipana vilivyopigwa chapa nzima nzima Uholanzi na Uingereza, na baadaye India na Japani. Waagizaji waliozubaa walibaki na mizigo ghalani, maana chapa ya mwezi uliopita haikumpendeza tena mwanamke wa Ng'ambo. Viwanda vya Ulaya vilikuwa vikisubiri kusikia mwanamke wa Unguja anataka nini. Anayedhani kwamba mtindo ni kitu kinacholetwa tu kutoka nje, na mtu wa pwani kazi yake ni kupokea, aanze kwa kusoma ukurasa huo.

Kisha likaja jina la kanga, yale maneno yaliyopigwa chapa juu ya pindo, kwanza kwa herufi za Kiarabu na baadaye kwa za Kirumi. Hapo kuvaa kukawa kusema. Mwanamke aliyetoka na jina lenye kuuma hakuwa na njia ya kulikana. Lilikuwa limeandikwa mgongoni mwake na mtaa mzima unajua kusoma. Aliweza kugombwa, kujibiwa kwa doti nyingine, kukosana na mawifi mwaka mzima. Hayo yote aliyajua alipokuwa dukani akichagua. Huko ndiko kuthubutu, na watu hawa wamekuzoea kwa zaidi ya miaka mia moja. Ajabu ni kwamba wajukuu wa wanawake hao leo huulizana kwa simu, kabla ya kutoka, ni rangi gani itakayovaliwa na wote.

Hata buibui, ambalo wengi hudhani lilishuka pamoja na bahari, lilikuwa geni katika siku zake. Lilienea Unguja na Mombasa katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, na wengi hulihusisha na Hadharamaut. Sababu mojawapo iliyolipa nguvu ni kwamba lilifuta cheti. Mjukuu wa bibi wa shiraa na mjukuu wa mbeba shiraa walipita njia moja wakiwa na umbo moja, na mpita njia asijue nani ni nani. Lilikuwa vazi la sitara, na lilikuwa pia vazi la usawa, na aliyelivaa mwanzo alikuwa anafanya jambo jipya. Nalo halikudumu lilivyokuwa. Lile la kipande kimoja, lililofungwa kichwani kwa utepe, sasa liko katika picha na katika masanduku ya wazee. Lililo madukani leo ni abaya ya Ghuba na mtandio wake. Basi mtu anapomwambia binti arudi kwenye vazi la bibi yake, amwambie kwanza bibi yupi.

Askari wa mavazi hawakuanzia barazani pekee. Serikali nazo zimewahi kulishika rungu hilo, na kumbukumbu zake zingekuwa za kuchekesha kama zisingewaumiza watu. Mwaka 1967 na 1968, huko Arusha, viongozi waliendesha kampeni ya kuwalazimisha Wamaasai waache lubega na wavae suruali, kwa hoja kwamba vazi lao linaiaibisha nchi mpya kwa uzamani wake. Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana, ambayo ilipasa kuanza Dar es Salaam tarehe 1 Januari 1969, kupiga marufuku sketi fupi, wigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua, kwa hoja kwamba mambo hayo yanaiaibisha nchi mpya kwa uzungu wake. Kabla ya tarehe yenyewe kufika, makundi ya vijana yalikwisha kuwavamia wanawake mitaani. Yaani katika nchi moja, ndani ya muda wa miezi, Mmaasai aliadhibiwa kwa kutovaa suruali na binti wa mjini akaadhibiwa kwa kuivaa ikambana. Unguja nayo, katika miaka iliyofuata Mapinduzi ya 1964, haikukosa kuyaandama mabugaluu, sketi fupi na nywele za kijana aliyezifuga. Katika hayo yote asili haikuwa kipimo. Kipimo kilikuwa nani ana amri juu ya mwili wa nani.

Na pale serikali zilipojaribu kubuni badala ya kukataza, matokeo hayakuwa bora. Mwaka 2004 Kenya ilizindua vazi la taifa lililopatikana kwa mashindano na kazi ya jopo. Lilionyeshwa, likapigiwa makofi, likatundikwa. Wananchi hawakulivaa. Vazi halizaliwi kikaoni, kama ambavyo shairi haliandikwi na kamati.

Hayo ni upande mmoja. Upande wa pili kuna watu wanaojiona wamekwisha kuthubutu, kumbe wamebadilisha bwana tu. Hawa ni wale ambao kila wanachovaa kimekwisha kuvaliwa na mtu katika picha. Huenda kwa fundi na simu mkononi, humwonyesha gauni la mwimbaji au abaya ya tangazo la Dubai, na husema neno moja: kama hivi. Fundi, ambaye zamani aliulizwa, akashauri, akapima kwa jicho kabla ya kupima kwa futi, sasa amefanywa mnakili. Akikosea uzi mmoja analaumiwa kwa kutofanana. Akipatia, hakuna aliyejua kwamba alikuwa na akili. Mtu wa namna hii hachelei kuitwa mshamba, hiyo ni kweli, lakini hofu yake ni ile ile ya mwenzake wa barazani. Mmoja anaogopa macho ya jirani na mwingine anaogopa macho ya walio mbali. Wote wawili hawajawahi kujitazama kwa macho yao wenyewe. Wahenga hawakumung'unya maneno waliposema kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako.

Mahali ambapo hofu hizi mbili hukutana na kuoana ni kwenye sare za harusi. Sare ilikuwa na maana yake. Vyama vya lelemama vya Mombasa vilishindana kwa mavazi, na chama kilichovaa kwa pamoja kilionyesha umoja wa wanawake wasio na cheo kingine cha kuonyesha. Hilo liheshimiwe. Lakini sare ya leo imekuwa kodi. Kitambaa huchaguliwa na wachache, bei hutangazwa, siku ya mwisho ya kulipa huwekwa, na asiye nacho hukopa au huugua ghafla. Wanene na wembamba, weupe na weusi, wa miaka ishirini na wa miaka sabini, hutiwa wote ndani ya lesi ya rangi moja iliyompendeza mtu mmoja. Nguo ikishavaliwa usiku huo haivaliki tena, kwa kuwa kila mtu anayo na kila mtu ameiona. Shughuli iliyokuwa bustani imekuwa gwaride. Na mwanamke aliyethubutu kuja na kisutu cha mama yake, kilichofuliwa na kufukizwa udi, huonekana kwamba hakumpenda bibi harusi.

Basi ni nini huo mtindo wa mtu mwenyewe? Wapenzi wa ushairi wana njia rahisi ya kuuelewa, maana wamekwisha kugombana juu yake. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi. Miaka 20 baadaye Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, na uwanja ukawaka moto baina ya waliosema kwamba pasipo vina na mizani hapana shairi na waliosema kwamba vina na mizani ni pingu. Ugomvi ule uliwaficha wengi jambo jepesi. Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyefariki 2021, alitunga kwa vina na mizani maisha yake yote, na bado ubeti wake mtu huujua kwa sauti hata ukisomwa bila jina. Kezilahabi alivitupa vina, na ubeti wake nao hujulikana. Na wapo mamia walioshika sheria zote, na mamia waliozivunja zote, ambao hakuna awezaye kuwatenganisha. Sheria haimpi mtu sauti, wala kuivunja hakumpi. Sauti hutokana na uchaguzi mwingi mdogo mdogo ambao mtu yuko tayari kuulipia.

Kanga ni kama ubeti. Ina pindo lake, mji wake na jina lake, na upana wake haubadiliki sana. Ndani ya mipaka hiyo, wanawake wawili walionunua doti moja dukani hawatoki sawa. Mmoja hujifunga na kujitanda kama ilivyo. Mwingine huchukua kipande cha doti hii akakioanisha na cha doti ile, ambazo muuzaji angeapa kwamba haziendani, na zikaendana. Wa tatu humpa fundi, akamwelekeza pindo lipande ubavuni na jina lizunguke mkononi, likasomeka pale tu anapoinua kikombe. Kofia nayo ni hivyo. Kofia ya viua iliyoshonwa kwa sindano kwa miezi haifanani na ya jirani yake, na mvaaji aliyeagiza nakshi yake hujulikana kwa mbali. Zile za mashine zilizofungwa katika mifuko ya plastiki hazimjui mtu. Hata mitumba ya Darajani, inayodharauliwa na kununuliwa na wote, imewafundisha vijana jambo ambalo duka la nguo mpya haliwezi kulifundisha: ndani ya belo hakuna mbili zilizo sawa, basi lazima mtu achague, akate, aunge, athubutu.

Wala kuazima si dhambi, kama ambavyo kutafsiri si wizi. Nyerere alipoutia katika Kiswahili mchezo wa Shakespeare juu ya mfanyabiashara wa Venice, mwaka 1969, aliuita Mabepari wa Venisi. Miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, neno hilo lilikuwa mkato mpya kwa mwili mpya, na kila msomaji aliuona. Kuna waliokubali na kuna waliokunja uso. Lakini hakuna aliyeweza kusema kwamba ile ilikuwa nguo ya Mwingereza iliyoning'inia juu ya mwili wa Kiswahili. Abaya ya Dubai, suruali ya Marekani, dera lililotoka kwa Wasomali, vyote vina haki ya kuingia. Wajibu wa mwenye kuvipokea ni kuvikata upya vimkae yeye.

Watasimama wenye kusema kwamba maneno haya yanafungua mlango wa uchi. Hoja hiyo isikilizwe, kisha ijibiwe. Sitara ina mipaka, na kwa watu wa pwani mipaka hiyo ina uzito wa dini na wa heshima. Lakini mpaka ni ukuta wa kiwanja. Haukuambia upande nini ndani yake. Hakuna mahali ambapo sitara imesema rangi ni nyeusi tu, au kwamba mshono lazima ufanane na wa shoga. Wanawake walioziunga leso walijisitiri kuliko walivyokuwa ndani ya kaniki, na walithubutu kwa pamoja. Kinachotetewa na askari wa mavazi, mara nyingi, si sitara. Ni raha ya kutoshangazwa.

Tena gharama ya kuthubutu haigawiwi sawa. Mwanamume akivaa shati la maua na jinzi iliyochanika magotini, hutaniwa, jioni ikapita. Mwanamke akikosa kwa kipimo cha wengine, anaweza kulipa kwa mwili wake. Novemba 2014 Nairobi ilishuhudia wanawake wakiandamana kwa sababu wenzao walikuwa wakivuliwa nguo hadharani na makundi ya wanaume waliodai kulinda adabu. Mtu anayemvua mwanamke nguo ili kutetea vazi ameshajifichua yeye. Basi wanaoandika tenzi za kuwasuta mabinti, na wanaowafokea stendi, wajue wako katika msafara gani na nani yuko mbele yao.

Kazi iliyopo haihitaji operesheni wala kamati. Mwenye harusi na awaachie wageni wake waje na rangi zao. Fundi na aulizwe tena anaonaje. Mzee na ajizuie kutoa methali kabla hajaiangalia upande wa ndani. Na kijana, kabla ya kuomba picha, na aombe afunguliwe sanduku la nyumbani, lile la njumu za shaba, aitoe melimeli, kisutu, kofia ya viua na leso zilizopauka, azinuse udi wake na aulizie kila moja ilipovaliwa mara ya kwanza watu walisemaje. Maana hakuna kilichomo humo ambacho hakikuwahi kuwa kipya, wala ambacho hakikuwahi kusengenywa.